Matete ya Kando ya Mto

Harufu ya matete iliyokatwa sasa hivi imeingia kwa dirisha wakati niko nasali rozari, na mara nimerudi kuwa mutoto, nimesimama ndani ya matope.

Kwetu ukingo ya mto haikulimwa. Matete iliachwa pale ishike udongo. Lakini baba alitaka vitunguu, akafyeka yote mpaka kwa maji.

Mama akamwambia, "Baba watoto, hiyo matete ndiyo ukuta ya nyumba yetu."

Baba akacheka na jirani. "Sikia huyu! Mto nayo iko na shamba yake? Mama, rudi kwa sufuria."

Vitunguu ilimea vizuri, hata mimi niliisifu. Halafu mvua ikanyesha kule mlimani, mvua moja tu. Mto ikakula vitunguu, ikapanda, ikabeba jiko ya mama na chungu ya mbegu ya maharagi aliyoficha ndani ya majivu. Hiyo mbegu ndiyo ilikuwa shamba yetu ya msimu yenye ilikuwa inakuja.

Baba akasimama pale na suruali ya kanisa, matope kwa magoti. "Hii ni shetani," akasema.

Mama hakuinua sauti. "Shetani hana panga. Panga iko nyuma ya mlango yako."

Siku hizi watu wanasema dunia imebadilika, kama vile ilibadilika peke yake, sisi tukilala. Wanalia kanisani Mungu akemee maji, halafu wanatoka kufyeka.

Harufu inazidi. Nimeweka rozari kwa mfuko. Naenda kuona sura ya huyo shetani.