Basi la Rhodesia Lilale Mbeya

"Kitanda alipewa," alisema Bwana Meneja. "Kama alipenda kulala nje na mtoto mchanga, kosa la kampuni liko wapi?"

Niliweka kalamu mezani. Mwanangu Neema alikuwa mgongoni amelala, na nadhani alisikia nilivyokakamaa, maana aliamka akaanza kulia. Nikamjibu Bwana Meneja mbele ya abiria wote waliojazana dirishani: "Kosa liko kwako. Umechagua mahali pa kulala bila kuuliza wanaolala ni akina nani."

Karani mwanamke hasemi hivyo na meneja. Mimi nilisema, na sioni haya.

Kumbukumbu za kazi kwa kawaida huandikwa na wazee waliokwisha kustaafu. Mimi bado nanyonyesha. Ila ninyi wasichana mnaomaliza shule sasa mtaingia katika ofisi hizi za mabasi, na hakuna atakayewaeleza kazi yenyewe ikoje. Basi nitawaeleza mimi.

Niliianza Iringa, nikitokea shuleni Tosamaganga. Siku ya kwanza nilidhani kazi ni kukata tiketi. Karani Mkuu, mzee wa Kihehe aliyevaa koti zito hata jua likiwaka, alicheka mpaka akakohoa. "Kamwene, binti," alinisalimu kwa Kihehe. "Tiketi hata taniboi anakata. Wewe utajifunza kuchagua kituo."

Kituo, katika kazi yetu, si pale basi linaposimama watu wakanunua mahindi ya kuchoma. Ni mji ambao abiria watalala kabla ya kuvuka mpaka. Anayetoka Iringa kwenda Rhodesia ya Kaskazini hafiki kwa siku moja. Kiangazi barabara ni vumbi, masika ni tope la kusukuma basi. Lazima alale njiani, na hapo anapolala ndipo safari inapotengenea au kuharibika.

"Dereva atataka kulala penye petroli," Karani Mkuu alinifundisha. "Fundi atataka penye gereji. Wasikilize. Kisha uliza yako: maji ya moto ya mtoto yatachemshwa wapi? Mgonjwa atapelekwa kwa nani? Na nani hawezi kulala karibu na nani?"

"Hata hilo la mwisho ni kazi ya kampuni, mzee?"

"Ukilisahau litakuwa kazi yako peke yako."

Tulipitia mji mmoja mmoja. Igowole kuna chakula tele, lakini basi lazima liiache njia kuu. Tunduma iko mpakani kabisa, lakini ukipatwa na homa pale utaomba Mungu tu. Kila mara tuliishia Mbeya: hospitali, soko, gereji, na watu wa kila kabila ambao miongoni mwao abiria anaweza kukuta ndugu yake.

Nilipoolewa, mume wangu mwalimu alihamishiwa Mbeya, nami kampuni ikanihamishia huko huko. Utaratibu niliukuta umekaa vizuri. Wanaume walilala bweni la kampuni. Wanawake walilala kwa Mama Zuhura, mjane ambaye babu zake walitoka pwani na biashara ya nguo, nyumba yake jirani na msikiti. Walutheri, Wakatoliki, Waislamu, wote aliwapokea kwa maneno yale yale: "Viatu nje, matusi nje, watoto ndani."

Kisha akaja Bwana Meneja mpya. Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepata nafuu. Aliona kwamba basi likilala Mbeya, abiria hufika ofisi ya pasi mpakani jua limepanda na foleni imekwisha kuwa ndefu. Akaamua basi lilale Tunduma, wawe wa kwanza asubuhi. Akajenga banda refu, akaligawa vyumba kwa mbao, akatia vitanda. Halafu akatoa amri yake aliyoipenda kuliko zote: kila familia ilale chumba kimoja, wasitenganishwe.

Nilimwendea ofisini. "Bwana Meneja, nusu ya abiria tunaowapakia Mbeya ni Wanyakyusa wanaowafuata jamaa zao kwenye migodi ya shaba. Kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hapiti mbele yake, hatamki jina lake. Ndani ya basi mzee anakaa mbele na dereva, mkamwana nyuma kabisa, kajifunika. Chumba kimoja hawawezi."

"Mama Neema, mila haiwezi kupanga ratiba ya basi."

"Basi ni la nani kama si la abiria?"

Akacheka. "Tujaribu kwanza."

Wakajaribiwa Subilaga na mtoto wake. Mumewe alikuwa ameandika kwamba amepewa nyumba mgodini, aje. Baba mkwe, Mzee Ambakisye, akawasindikiza, maana naye alitaka kuona kwa macho yake mwanawe anaishi vipi. Tunduma wakapewa chumba chao cha familia. Subilaga alipoona mzigo wa mzee umewekwa humo, alitoka kimya na mtoto, akajibanza mbele ya banda. Mzee naye, bila kumwona, alikuwa amekwisha kutoka kwa mlango wa nyuma, amwachie mke wa mwanawe chumba. Kila mmoja aliamini mwenzake yumo ndani, kwenye joto. Na kumwuliza hawezi. Upepo wa Tunduma mnaujua. Chumba kikabaki kitupu hadi asubuhi.

Walirudi Mbeya kwa lori, mtoto anapumua kwa shida, kichomi. Subilaga akakimbia hospitali. Mzee alikuja dirishani kwangu, kofia mkononi. "Nilimwachia chumba," alisema. "Mama, nilimwachia chumba." Akarudia kama mtu aliyeshtakiwa.

Hayo ndiyo niliyompelekea Bwana Meneja, na jibu lake mmelisoma pale juu. Nilipomaliza kumwambia kosa liko kwake, alisema tu: "Kama una malalamiko, yaandike." Nadhani alifikiri sitaandika.

Mtoto amepona. Sasa yuko kwa Mama Zuhura, ananyonya kama ndama. Nilipomwuliza Subilaga kama anarudi kwao Tukuyu, alinikazia macho. "Nirudi nimefanya nini? Mume wangu ananingoja. Nitapanda basi lijalo. Wewe angalia tu linalala wapi."

Basi nikaandika, nikapeleka Boma, kwa Bwana Afisa anayetoa kibali cha njia. Kabla ya kupeleka nilitaka na wenyewe watie dole gumba. Mzee alitia lake barazani kwa Mama Zuhura, kisha akaenda mpaka barabarani akikohoa kwa nguvu, ili mkamwana ajue alipo. Ndipo Subilaga akatoka.

"Hilo dole ni la nani?" aliuliza.

"La mzee."

Akajifunika uso kwa kanga. "Hapo siwezi."

Mama Zuhura akatia kidole wino kumwonyesha. "Mwanangu, karatasi ina pande mbili. Wewe lala upande wako."

Subilaga akaangua kicheko chini ya kanga, akatia dole.

Haya ndiyo niliyoyaandika:

"Kwa Bwana Afisa. Mimi ni karani wa tiketi wa kampuni ya mabasi hapa Mbeya. Ninalalamika juu ya meneja wangu, ambaye amepewa nakala mkononi. Alihamisha kituo cha kulala kutoka Mbeya kwenda Tunduma, na kuamuru familia zilale chumba kimoja. Nilimwonya, hakusikia. Mtoto mchanga nusura afe. Ninaomba kibali cha njia kiseme wazi kwamba basi la Rhodesia lilale Mbeya, na wanawake wapate mahali pao. Kama foleni ya pasi ni tatizo, basi liondoke Mbeya alfajiri. Dereva nimemwuliza, amekubali. Ninaomba jibu kabla ya basi lijalo, kwa sababu walalamikaji wenzangu wamo katika basi hilo. Wa kwanza ametia dole gumba hapa chini. Wa pili ametia nyuma. Hatukukosea. Tafadhali geuza karatasi."