Taa Iliyozimika Upesi

Juzi, katika gereji moja ya Msamvu, kijana alichomeka kifaa chini ya usukani wa gari langu na simu yake ikaonyesha tatizo la injini lililowasha taa ya njano. Nikamkumbuka Mzee Kibwana, fundi wa magari wa enzi za utoto wangu.

Baba alikuwa amenunua gari lililotumika Japani, nalo lilikuwa na taa ya njano isiyozimika. Tulipolipeleka kwa Mzee Kibwana, baba alinikalisha kiti cha nyuma, penye harufu ya petroli na plastiki iliyopigwa jua, akaninong'oneza kabla ya kuondoka, "Mwangalie mikono. Mafundi wanaiba vifaa."

Mzee Kibwana aliunganisha matundu mawili ya soketi ya kupimia gari kwa waya mfupi, akainamia usukani. Taa ikaanza kuwaka na kuzima. Alihesabu polepole, midomo ikicheza kama anavuta tasbihi. Mbili. Ikatulia. Mbili tena.

"Mbili na mbili: hiyo ni namba ya kifaa cha kupima joto la maji, kimekufa," alisema.

Baba aliporudi nilimshitaki fundi kwake. "Anaichezesha mwenyewe kwa waya, baba. Halafu anainong'oneza."

Tukahamia kwa fundi mwingine. Huyo alituambia tukanywe soda. Tuliporudi, taa ilikuwa imezimika.

"Sasa huyu ndiye fundi," baba alisema.

Siku chache baadaye gari lilichemka njia ya Gairo, injini ikafa. Mafundi walipofungua dashibodi, balbu ya ile taa haikuwepo.

Kijana wa Msamvu naye alimaliza, taa ikazimika. Nilimshukuru, kisha nikamwomba azime gari na afungue swichi upya, nione kama taa bado inaweza kuwaka.