Rafu ya Verdiana Inayopanda na Kushuka

MIKUMI, masika 1974. Kunakucha, na mvua inapiga mabati. Verdiana Lupakisyo anachochea moto ndani ya chumba chake cha kupanga, kando ya barabara ya Iringa. Madereva wa malori wanangoja maandazi. Kabla hajateleka karai, anamgeukia mzee aliyesimama nyuma ya mlango na kumshusha mbavu.

Mzee huyo Verdiana huwategea wateja kama kitendawili: "Kwangu kuna mzee, mbavu zinapanda, mbavu zinashuka, wala hapumui." Wasiojua hutoa mji. Jibu ni rafu ya vitabu.

Ni nguzo mbili za mninga zilizotobolewa matundu toka chini hadi juu, na mbao zinazokaa juu ya vigingi. Chomoa kigingi, ubao unahama.

Asubuhi ya moto mbao zinashuka, maana moshi hukaa juu. Maji yakipita chini ya mlango, zinapanda. Na mama mkwe wake, Bi Costancia, akija kutoka Mvumi, ubao wa chini unapanda ili mkeka upate pa kufika.

"Miguu yangu inalala na vitabu," anasema bibi huyo, "ila kichwa hakijui hata a."

Vitabu ni vya darasa la kisomo cha watu wazima. Ofisi ya kijiji inavuja, ndipo Verdiana, mwanafunzi wa darasa hilohilo, akajitolea kuvitunza. Mwaka jana alivitunza kama mama yake alivyomfundisha kutunza mahindi ya mbegu: alivipanga darini, juu ya moto, moshi ufukuze wadudu.

"Mchwa hawakugusa hata kimoja, nikajisifu," anasema. "Kuja kufungua, kurasa zina rangi ya chai na gundi imeachia."

Ndugu Danieli, msimamizi wa kisomo, hakugomba. Alisema tu kwamba akirudi akakuta moshi au unyevu, vitabu vilivyobaki vitapelekwa kijiji kingine. Na bila vitabu, darasa basi. Verdiana ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuunganisha maneno.

"Niachwe njiani kama lori bovu?"

Akamwendea Beda, seremala aliyejifunza kazi misheni.

"Vitabu si mbegu, mama," Beda alimwambia akicheka.

"Cheka huku unapima. Ila kabati sitaki. Likiingia kabati chumbani mwangu, mimi natoka."

Ndipo Beda akabuni mzee wa mbavu, na msimu mzima akanywa chai kwa maandazi ya bure.

Wiki iliyopita Danieli alirudi, tena siku mbaya kuliko zote. Mvua ilikuwa imemlazimisha Verdiana akaangie ndani. Juu moshi, chini maji. Akishusha mbao, vitabu vinalowa, akipandisha, vinafukizwa. Alichomoa vigingi mbio mbio, akazibananisha mbao zote katikati, akavilaza vitabu ubavu na kuvifunika kanga. Hajakaa sawa, hodi.

Danieli alipitisha kidole juu ya jalada, akakitazama. Akafungua kitabu, akanusa.

"Vinanukia iliki ya maandazi," akasema. Akanusa tena. "Basi. Vibaki hapahapa."

Verdiana alikaa kitako juu ya gunia la unga. Karai zima la maandazi liliungua, naye hakugeuka. "Nilishusha pumzi mpaka nikasikia njaa," anasema. "Kumbe tangu jana yake sijala."

Mwaka ujao anataka kufanya mtihani wa kisomo. Akifaulu, ataanza na kitabu cha ufugaji wa kuku, ambacho kwa sasa anajua picha zake tu.

Bi Costancia, aliyekuwa aondoke Jumatatu, bado yupo. Jioni mkeka unatandikwa, na Verdiana anashika kigingi apandishe ubao wa chini kama kawaida.

"Acha, mwanangu," mkwe wake anamwambia. "Leo ushushe. Kile kitabu cha a, e, i kiweke hapo, nikifikie nikiwa nimelala."

"Na miguu, mama?"

"Nitaikunja. Yenyewe imeshasoma vya kutosha."