Ndizi, Nazi na Sabato ya Nyanchera

Nyanchera huuza ndizi soko la Daraja Mbili, huko bara, na wateja wakipungua hugombana na watu asiowajua kwenye simu. Wiki hiyo ilienea video ya mpishi wa Mombasa akipika ndizi kwa nazi. Nyanchera akaandika chini yake kwamba nazi ni ya kupaka nywele. Mtu mmoja wa Likoni, aliyejiita Shee Bakari, akamjibu, "Nyinyi wa bara mnachemsha ndizi kama mnafua soksi." Wakachapana siku tatu, wasomaji wakicheka hawana mbavu.

Ijumaa, kabla jua halijazama, Nyanchera akazima simu. Yeye ni Msabato, na tangu jua lizame Ijumaa hadi lizame Jumamosi habishani na mtu. Wajanja walishamjua: huo ndio wakati wa kumtukana, maana hajibu. Kesho yake kanisani mdomo uliimba, lakini moyo ulitafuta jibu la soksi. Akamwomba Mungu msamaha, kisha akaendelea kutafuta.

Jioni, jua lilipozama, akawasha simu. Matusi yalikuwa manne tu. Chini yake Shee Bakari alikuwa ameandika: "Mwacheni mama wa watu, yuko ibadani. Hata mimi jana nilikuwa msikitini. Anayemtaka angoje jua lizame, na foleni inaanzia nyuma yangu."

Nyanchera alisoma mara mbili. Jibu la soksi alikuwa amelipata, tena lilikuwa kali kweli. Akaliacha, akaandika: "Shee, hiyo nazi inatiwa kabla ndizi hazijaiva, ama baadaye?"