Waya Nyeusi, Waya Nyeupe

Nani aliyewaambia kwamba wafu hutoka usiku tu? Wangu alinijia mchana kweupe, adhuhuri imeshaadhiniwa, jua liko utosini. Na msinikatize. Najua wapo watakaosema fundi huyu alipigwa na umeme akachanganyikiwa. Nilipigwa, ndiyo, na alama ninazo, anayetaka nitamwonyesha. Lakini haki ya Mungu mambo yalikuwa hivi nisemavyo. Sina faida ya kuyazua, maana katika kisa hiki mtu mbaya ni mimi.

Nianze na kosa langu, la sivyo hamtaelewa mwanamke yule alinitakia nini.

Mimi ni fundi wa umeme hapa Ukunda, na zamani hizo hakuna aliyeweza kunifungulia mdomo juu ya waya. Siku moja alikuja bwana mmoja Mkamba, mpishi katika hoteli ya huko Diani. Alikuwa amemwoa binti wa Kidigo wa Msambweni, Mwanasiti, akasilimu na kuitwa Musa, ingawa wakwe zake waliendelea kumwita yule Mkamba. Alikuwa amebeba mashine ya kukuzia picha: taa juu, lenzi chini yake, nguzo ya chuma na ubao wa kuwekea karatasi. Si picha hizi za simu, ni zile za filamu zinazosafishwa gizani. Mkewe alikuwa akimfanyia kazi za nyumbani bibi mmoja wa Kimarekani, na yule bibi alimfundisha kazi hiyo, kisha aliporudi kwao akamwachia mashine. Watalii walizipenda sana picha za Mwanasiti. Shida ni kwamba mashine ilikuwa ya volti mia moja na ishirini, na umeme wetu ni mia mbili na arobaini. Transfoma ya kupunguza umeme aliyoachiwa iliungua. Musa akataka niibadilishe mashine yenyewe, iwe inachomekwa moja kwa moja ukutani.

Kazi ya nusu saa. Nilitoa balbu ya kwao nikatia ya volti zetu, nikakata plagi yao ya meno mawili bapa nikafunga yetu ya meno matatu. Na hapo ndipo nilipoua mtu. Kwenye kebo mlikuwa na waya mbili, nyeusi na nyeupe. Sisi tuliofunzwa kwa waya za zamani tunajua kwamba nyekundu ndiyo yenye moto na nyeusi ndiyo ya kurudi. Nyekundu haikuwapo, basi nyeusi nikaipeleka penye kurudi, nyeupe nikaipa moto. Kumbe kwa Wamarekani ni kinyume, nyeusi ndiyo yenye moto, na swichi yao hukata hiyo nyeusi. Kwa nilivyofunga mimi, ukizima swichi taa inazimika kweli, lakini moto unabaki umekaa kimya kwenye shingo ya chuma inayoshika balbu. Kupima kwa testa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka ikigusa moto, ni dakika moja. Sikupima. Taa iliwaka, nikajisifu, nikamkabidhi mashine yake.

Miezi miwili baadaye, katika kibanda chake cha picha kwa mama yake Msambweni, Mwanasiti alizima swichi ili abadilishe balbu, mikono imelowa dawa za picha, miguu mitupu juu ya sakafu. Walimkuta amelala chini na balbu mkononi.

Musa alikuja dukani kwangu baada ya mazishi akaniuliza, tena kwa upole, nilifunga vipi. Nilielewa palepale. Mnajua nilifanya nini? Nilimpandishia sauti mbele ya watu. Nikasema mashine ilitoka kwangu nzima, bila shaka yeye ndiye aliyeifungua akaichokoachokoa, watu wa bara ndivyo walivyo, hakuna wasichokijua. Maneno yakatembea. Yalifika Msambweni kabla yake, na wakwe wakasema Mkamba amemuua mtoto wetu. Hawakumtaka kwenye hitima, watoto wake wawili wakachukuliwa, akaacha kazi akaenda kulima mahindi kwa ndugu zake upande wa Lunga Lunga. Mimi nikaendelea kula na kulala. Naam, nililala vizuri tu, nisiwadanganye.

Ikapita miaka minne. Alhamisi moja mwanamke alisimama mlangoni pangu, baibui jeusi, nikabu usoni, macho tu yanaonekana. Alinitolea salamu, akaniuliza hali na kazi kwa adabu zote. Kisha akasema anayo mashine ya kukuzia picha, imetoka Marekani, iko nyumbani Msambweni, na anataka ifungwe ikubaliane na umeme wetu.

Ningekuwa na akili ningekataa. Lakini mimi nilipiga hesabu nyingine. Mashine ya aina ile nilipata kuiona moja tu maishani, kwa hivyo hii ni ileile, na ndani yake mna mkono wangu. Kila fundi anaujua mkono wake. Mimi husokota waya mara tatu kisha nazungushia tepu ya buluu, na mafundi wote wa Ukunda wanalijua hilo. Fundi mwingine akiifungua, nimekwisha. Basi nikaona hii ni bahati ya mtende, nitaenda nizigeuze waya na ushahidi upotee. Niaminini, hiyo ndiyo sababu iliyonipeleka, wala si wema.

Nilimwacha Ukunda akisema atafuata kwa gari. Nilikwenda kwa pikipiki yangu bila kusimama popote, na nilipofika nikamkuta yuko kizingitini ananingoja. Hilo peke yake lingetosha kunigeuza njia, sivyo? Nikajiambia labda kuna njia ya mkato.

Kilikuwa kibanda cha mawe ubavuni mwa nyumba kubwa. Dirisha limezibwa kwa kitambaa cheusi, ndani inawaka balbu nyekundu, na harufu ya dawa kali kama siki. Alifunga mlango nyuma yetu. Alisema picha haipendi mwanga, na kwa sauti ya kawaida kabisa akaniambia nianze kazi.

Nikaifungua. Tepu yangu ya buluu ilikuwapo. Niliitoa nikaitia mfukoni, nikazigeuza waya, nyeusi kwenye moto na nyeupe kwenye kurudi, na safari hii nikapima kwa testa mara tatu. Swichi ikizimwa, shingo ya balbu haina kitu. Hata mtoto mchanga angeishika.

Akaniuliza nimebadilisha nini.

Nikasema, "Sijabadilisha kitu, dada. Ni vumbi tu. Aliyeifunga mwanzo aliifunga vizuri."

"Na aliyefia humu, aliuawa na nini?"

Nikamjibu nilichokwisha kuzoea kukijibu, kwamba mumewe ndiye aliyeichokoa mashine. Alichukua karatasi nyeupe ya picha akaitia kwenye sinia la dawa, akawa analitikisa polepole. Karatasi ile haikuwa imepigwa mwanga wowote, mimi nilikuwa nikimwangalia. Hata hivyo picha ilianza kutoka. Kwanza meza. Kisha bisibisi juu ya meza. Kisha mikono miwili, na kwenye kidole gumba cha kushoto kovu, hili hapa. Ilikuwa mikono yangu, dukani kwangu, inaisokota waya nyeupe kwenye jino la moto. Siku ile dukani hapakuwa na kamera wala mtu wa kupiga picha.

Naye akaniambia, bila ukali wowote, nitie mikono kwenye sinia la maji kisha nimtolee balbu.

"Swichi imezimwa, fundi," alisema. "Mashine ilifungwa vizuri. Unaogopa nini?"

Sasa oneni ujeuri wa binadamu. Hata hapo, na picha ile mbele yangu, nilikuwa nikifikiria jinsi ya kujiokoa. Nikikataa, nimekiri. Na kwa nini nikatae, nami nimezigeuza waya kwa mkono wangu na kuzipima? Nilichovya mikono majini, nikaishika balbu, na kidole kikagusa shingo ya chuma.

Moto ulikuwapo.

Waliowahi kunaswa na umeme wanajua, mkono hufunga wenyewe na huwezi kuuachisha. Meno yalinigongana, macho yakaona rangi. Ungetarajia kufa haraka. Yeye alisogea taratibu, akafunua nikabu. Mwanasiti sikupata kumwona hai, lakini niliuona uso wa mwanamke mchanga, mzuri, umejaa hasira ya miaka minne. Akaweka mkono wake juu ya wangu, na katikati ya kiganja chake palikuwa na tundu jeusi la kuungua.

"Mimi sikupata nafasi ya kusema neno," akasema. "Wewe nakupa. Sema."

Nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi. Nikasema ni mimi niliyefunga vibaya, Musa hakuigusa.

"Mama yangu hasikii vizuri. Paza sauti."

Nikapaza. Nikasema tena, akaniambia bado, nikasema mara ya tatu kwa ukelele ulionichana koo. Ndipo mkono ukaachia.

Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, mlango uko wazi, mwanga umejaa chumbani. Mama mmoja mtu mzima amesimama, ufunguo mkononi, amejifunga leso mbili. Alikuwa mama yake Mwanasiti. Nyuma yake majirani wawili, walikuwa wamekuja kwa ukelele.

"Nimesikia," akasema. Hakuniuliza naumwa wapi. Aliniuliza nimeingiaje, maana kufuli ilikuwa mahali pake na ufunguo hautoki kiunoni mwake. Nikamwambia umeme umeninasa. Akanionyesha ukutani. Palikuwa na matundu manne ya skurubu tu, mita iling'olewa baada ya arobaini ya bintiye, waya za nje zikakatwa. Dari haikuwa na balbu nyekundu. Mashine ilikuwa na kutu, na kebo yake haikuchomekwa popote. Na kiganja changu kilikuwa kinanuka nyama ya kuungua.

Mkono huu wa kulia vidole vitatu havikunyooka tena. Kazi ya umeme imekwisha, na hata ingekuwapo nani atanipa? Ukunda nzima inajua. Lakini hilo silo linaloniumiza. Nikishika testa, huwaka. Nikigusa mti inawaka, nikigusa sahani ya wali inawaka, juzi nilijigusa kifuani ikawaka. Mwanasiti hajamaliza nami, na simlaumu.

Nilipopata nguvu nilikwenda Lunga Lunga kumwomba Musa radhi. Alinisikiliza huku anapukuchua mahindi, hakuacha hata nukta moja. Wakwe walikuwa wamekwisha kumwita, wamemwomba msamaha, wamemrudishia watoto wake. Nikadhani nitaambiwa yameisha. Akaniambia niketi, kisha akamwita binti yake mdogo, mtoto wa miaka sita aliyechukuliwa akiwa na miwili, aje anisalimie. Mtoto alinipa shikamoo. Musa akamwambia alete maji ya mgeni na ya baba yake. Mtoto akasimama, akatazama huku na huku uani.

"Baba yupi?" akauliza.

Musa alinitazama, akarudi kwenye mahindi yake. Nami niliondoka bila kunywa maji.

Basi wewe unayenisikiliza, fundi au si fundi, kama liko kosa lako ambalo mtu mwingine amelibeba, amka ukaliseme leo, kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya watu walewale uliowadanganya. Usingoje kuja kuulizwa na marehemu mwenyewe. Mimi niliulizwa, nikajibu, nikaunguzwa, na mtoto yule, nasikia, mpaka leo anamwita babake "yule mtu".