Binti Yangu Ameandika Kwamba Naomba Chakula Nyumbani Kwangu

Admin, nifiche jina, maana wahusika wanafuata ukurasa huu. Mimi ni baba wa miaka sitini na kitu, naishi Makoko hapa Musoma, na sioni. Macho yalinipotea ujanani, miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, dawa hospitali hakuna. Nashona nyavu za dagaa kwa kupapasa na nimesomesha watoto kwa kazi hiyo. Siombagi mtu.

Binti yangu wa kwanza, nimwite Nyangeta, ndiye alikuwaga macho yangu. Mitumba ilipoanza kumwagika barabara ya Mukendo alikuwa bado mdogo, nikawa namwambia anielezee kila picha anayokutana nayo, kalenda ya dukani, gazeti lililofungia maandazi. Hakunidanganyaga. Kama ng'ombe wa kwenye kalenda ana kovu, atakwambia liko paja gani.

Sasa ameajiriwa na shirika moja hapa mjini. Kazi yake ni kuandika maelezo ya picha kwenye ripoti, ili sisi tusioona, simu ikitusomea, tujue picha ina nini. Jamani nilijivuna, Makoko nzima niliwaambia. Hata watu wa shirika walipokuja nyumbani kupiga picha niliwakarimu, mama Nyangeta akawapikia ugali wa muhogo na samaki wa sato.

Juzi rafiki yangu wa Bunda, naye haoni, akanitumia hiyo ripoti na kuniuliza kwa upole kama hali yangu imefikia huko. Nikafungua. Simu ikataja jina langu, ikaendelea: "Mzee asiyeona akinyoosha mikono kuomba chakula. Mama msamaria amemhurumia."

Chakula gani nimeomba? Nilikuwa nanawa. Huku kwetu kabla ya kula unanyoosha mikono, unamiminiwa maji na jagi, uwe mgeni uwe mwenye nyumba. Na huyo mama msamaria ni mke wangu, ndiye aliyemzaa huyo aliyeandika. Nilishikwa na kinyaa mpaka mate yakanijaa mdomoni, nikatoka nje nikatema. Angekuwa mzungu ningesema hajui. Huyu kanawishwa na jagi hilohilo tangu anaota meno.

Nikampigia. Akaanza kujitetea, mara bosi alitaka habari za kutia huruma, mara mkataba wake unakaribia kuisha. Nikamwuliza, mimi nikiisikia je? Akasema, "Baba, ripoti ni ya wafadhili. Sikujua kama nyie mtaisoma."

Nyie. Sasa hayo maelezo alikuwa anamwandikia nani? Nikakata simu. Mpaka leo nikisikia sauti yake naiweka simu mbali na sikio, na ni mtoto wangu nimpendaye.

Jumamosi wanazindua ripoti kwenye ukumbi wa kanisa, na mimi nimewekwa kiti cha mbele. Wenzangu wasioona wa Bunda na Butiama wanakuja, wote wameshaisikiliza. Nyangeta anasema haiwezi kubadilishwa kabla ya siku hiyo, na nikisimama nikaongea, kazi hana. Mama yake ananisihi ninyamaze, mtoto ni wetu. Nikinyamaza, nimekubali kwamba mke wangu ananilisha kwa huruma.

Na chakula kitakuwepo. Jagi litapita. Nishaurini ndugu zangu, likinifikia mbele ya watu wote, ninyooshe mikono?