Vidole Visivyosomeka

Mama alianza kulalamikia tumbo, upande wa kulia chini ya mbavu, akisingizia mihogo aliyokula shambani. Shule ninayofundisha, huko Kitahana, ilipofunga, nilikwenda kwetu Heru Juu kumwona, nikamkuta amejikunja kitandani, jasho linamtoka. Mimi ni mwalimu wa serikali na Mama yumo kwenye bima yangu, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi mkubwa. Nilimpandisha bodaboda, nikakaa nyuma yake nikimshikilia, tukaenda hospitali ya serikali Kasulu mjini.

Daktari alimbonyeza, akasema anahisi ni mawe kwenye nyongo, ila hawezi kuamua bila utrasaundi, na mashine yao ilikuwa mbovu. Akatuandikia rufaa kwenda kliniki moja ya binafsi.

"Wanapokea bima," alisema. "Hamtalipa kitu."

Kliniki ilikuwa safi, ina vigae na televisheni ukutani. Dada wa mapokezi alimwambia Mama aweke kidole kwenye kimashine ili kompyuta imtambue. Kikalia, kikakataa. Akaweka kingine. Vidole vyote vikakataliwa. Yule dada akavifuta kwa spiriti, akavipaka mafuta, akamwambia Mama abonyeze kwa nguvu, kisha asibonyeze sana.

"Bibi, unalima?" aliuliza hatimaye.

Nikamtafsiria Mama kwa Kiha. Mama akacheka huku ameshika ubavu. "Mwulize yeye anakula nini."

Hilo sikulitafsiri.

"Ngozi imesagika, mwalimu," dada akaniambia. "Mfumo haumtambui. Tukimhudumia bila kidole, bima hawatatulipa."

"Si picha yake hiyo kwenye kadi? Na mimi mwenye bima si nimesimama hapa?"

"Naiona picha. Ila mfumo unataka kidole."

Nikapiga simu ofisi ya bima. Wakaniambia kliniki ndiyo iwapigie. Kliniki ikapiga, ikaambiwa isubiri. Waliokuja na fedha taslimu wakaingia na kutoka, mmoja baada ya mwingine. Mshahara ulikuwa bado haujatoka, na hata ningekuwa na pesa nisingelipa, hasira ilikuwa imenijaa: ninakatwa kila mwezi kwa ajili ya nini? Mwishoni tukapewa dawa za maumivu na ushauri. Bibi asishike jembe kwa wiki mbili hivi, apake mafuta kila siku, ngozi itarudi.

Ilikuwa msimu wa kupanda maharage. Nikabaki Heru Juu kumlinda mama yangu asilime. Alikaa barazani, mikono inang'aa mafuta, akiwatazama majirani wakipita na mbegu, na kila nilipompelekea uji alinipa kisogo.

"Tumbo ndilo linaloumwa," alisema siku moja. "Kwa nini mnatibu mikono?"

Nikachukua chupa ya mafuta, nikampaka tena.

Kabla wiki hizo hazijaisha akaanza kutapika, na macho yakawa ya njano. Nikamrudisha kliniki. Dada akatoa kimashine tena. Mama, aliyeshindwa hata kukaa wima, akanyoosha kidole. Kikakataliwa. Hapo nilipiga kelele. Nilisema maneno ambayo mwalimu hasemi mbele za watu, na kina mama waliokuwa kwenye benchi wakainamisha vichwa.

Mwenye kliniki, daktari wa makamo, akatoka chumbani kwake. Alifunua jicho la Mama kwa kidole gumba, akalitazama, kisha akamgeukia dada. "Mlete ndani. Hayo ya mfumo tutayajua baadaye."

Kipimo hakikuchukua hata muda wa chai kupoa. Jiwe moja lilikuwa limeziba njia ya nyongo. Tukarudi na picha hospitali ya serikali, wakamwongezea maji, wakampa rufaa kwenda Kigoma mjini, na huko akapasuliwa kwa dharura, bila kudaiwa kidole. Akapona, akarudi kwenye jembe lake.

Mpaka leo dada wa kliniki hunipigia simu. "Mwalimu, shikamoo. Tunaomba umlete bibi aweke kidole, hatujalipwa kile kipimo."

Namwitikia marahaba, namwambia nitamleta. Siwezi kumkasirikia yeye wala yule daktari aliyetusaidia. Nikipiga simu bima, napokelewa na sauti ya kike iliyorekodiwa, inayoniambia kwamba simu yangu ni muhimu sana kwao.